Koti Lililonitangulia

Mgeni alifika chuoni mwezi wa Januari, mvua ikinyesha, akiwa na begi moja la mgongoni. Hilo begi ndilo lililoniudhi kwanza. Mtu anayetoka Norwe kuja kukaa Lilongwe muhula mzima na begi moja ni mtu ambaye hajawahi kuwaza kwamba huenda asirudi kwao. Sisi tulipoondoka Uvira, Kongo, tulibeba mpaka kifuniko cha sufuria, na sufuria yenyewe tukaisahau jikoni.

Nieleze mpango ulivyokuwa. Chuo chetu kilikuwa na urafiki na chuo kimoja cha kwao. Mwanafunzi wao mmoja angekuja kwetu muhula wa kwanza, Januari hadi Juni, na mmoja wetu angekwenda kwao muhula wa pili, kuanzia Agosti. Huyo wetu nilikuwa mimi. Nilikuwa mwaka wa pili, mkimbizi peke yangu darasani, na nilichaguliwa kwa alama zangu. Hakuna aliyenihurumia, nilisoma. Nilichokosa ni kitabu cha kusafiria, maana mkimbizi hana pasipoti, anaombewa kitabu maalumu. Barua ya maombi ilikuwa imekwishaandikwa, imepigwa mihuri, iko katika ofisi moja mjini. Kila Jumatatu nilipita kuuliza, na kila Jumatatu niliambiwa nirudi Jumatatu.

Tulipewa chumba kimoja katika bweni la wasichana, yeye kitanda cha dirishani, mimi cha mlangoni. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana ya mtu aliyekulia kwenye kuogelea, na alicheka upesi, hasa alipojicheka mwenyewe. Alifua nguo kwa mikono, vibaya, akazianika zikiwa bado na povu. Wiki ya pili alikuwa akisema zikomo, asante ya Chichewa, kwa mpishi, kwa mlinzi, kwa kijana wa kabaza aliyempakia kwenye baiskeli, na wote walimjibu kama mtoto wao. Mimi nilikuwa nimesema zikomo pale chuoni mwaka mzima na hakuna aliyewahi kushtuka.

Mimi nina wivu. Nasema mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia sababu nzuri. Wengine hupata wivu wakipendwa kidogo; mimi hata nikipendwa sana huangalia kwanza sahani ya jirani.

Kulikuwa na mzee mmoja na mkewe, watu wa kanisa, waliokaa Area 47. Hao ndio walionilipia karo. Kila mwisho wa muhula nilikwenda kuwaonyesha matokeo, nikakaribishwa barazani, nikapewa juisi na biskuti, nikaombewa, nikaondoka. Mgeni hajamaliza hata wiki mbili Lilongwe, wakamwalika chakula cha mchana, na mimi nikaalikwa nimsindikize. Siku hiyo tulipitishwa barazani tukaingia ndani, na ndipo nilipojua kwamba nyumba ile ina meza ya watu kumi, na piano, na juu ya piano picha yangu mimi nimeshika cheti. Mama mwenye nyumba alimwonyesha mgeni picha ile. "Huyu ndiye binti yetu," akamwambia. Nami nimesimama pale pale. Nilitabasamu. Kisha nilikula wali kwa hasira, sahani mbili.

Nilidhani basi kuna mahali pamoja ambapo hawezi kunizidi, napo ni kwa mama yangu, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Februari nikampeleka. Tulipanda matola, gari la mizigo linalobeba watu nyuma, tukashika njia ya Dowa. Kwenye kizuizi cha polisi askari aliomba kibali changu cha kukaa nje ya kambi, akakisoma pande zote mbili, hata upande usioandikwa kitu. Mgeni alimwuliza kwa Chichewa ameshindaje. Wakacheka wote wawili, na pasipoti yake haikutoka mfukoni.

Mama alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake ya miguu ilikaa sokoni mchana na kulala nyumbani, na tulimkuta mlangoni akiifuta vumbi. Alimtazama mgeni kuanzia miguuni.

"Njo huyu?" aliniuliza kwa Kiswahili cha Kongo, yaani ndiye huyu?

"Njo huyu, mama."

"Iko na mabega sawa ya mwanaume. Ingia, mutoto. Umekonda. Kwenu banakula nini?"

Mgeni hakuelewa hata neno. Akamkumbatia. Mama yangu hakuwa mtu wa kukumbatiwa. Mimi mwenyewe nikitoka chuoni alinipa mkono na kuniuliza kama nimekula. Nilisubiri amsukume. Hakumsukuma.

Hapa lazima nieleze kazi ya mama, maana kosa langu lilitoka humo. Mama hakujua kusoma namba. Alifundishwa na fundi mzee wa Uvira ambaye naye hakujua, na wote wawili hawakuwahi kuiamini futi ya dukani. Akimpima mtu, alichukua ukanda mwembamba wa kitambaa na kukata alama pembeni kwa mkasi: ya bega, ya kifua, ya kiuno, ya mkono, ya urefu. Ukanda mmoja, mtu mmoja. Kanda za wateja zilining'inia kwenye waya sokoni, na mteja asiporudi mwaka mzima ukanda wake ulitumika kufungia mboga. Za familia zilikaa nyumbani, kwenye msumari juu ya kitanda chake, na zote zilikatwa kwenye shuka moja jeupe tuliloondoka nalo Uvira. Kwa kuwa zilifanana, mama alizishonea uzi wa rangi kichwani. Uzi mweusi ulikuwa wa baba, aliyefariki njiani kabla hatujafika Tanzania. Wa bluu ulikuwa wa kaka yangu, ambaye mama alisema tu kwamba alibaki nyuma. Mwekundu ulikuwa wangu. Ukanda wangu ulibadilishwa kila nilipokua. Wa kaka ulikuwa bado na mabega ya mvulana wa miaka kumi na sita.

Mgeni akaanza kuja Dzaleka na mimi kila baada ya wiki mbili, kisha kila wiki, kisha hata bila mimi nilipokuwa na mitihani. Kwaya ya kanisa ilimweka mstari wa nyuma kwa sababu ya urefu. Alijifunza Kiswahili cha mama, akajifunza kusonga ugali, akaunguza, mama akaula. Mimi nikiunguza ugali niliambiwa nifikirie bei ya kuni.

Jumamosi moja ya Machi niliingia chumbani kwa mama kutafuta sindano, nikaona kanda nne msumarini. Ukanda wa nne ulikuwa na uzi wa kijani. Niliushusha, nikaupima mwilini mwangu. Ulinizidi kiganja kizima. Ulikuwa mweupe, wa shuka letu.

Nilimfuata mama sokoni nao mkononi.

"Mama, huyu ni mteja. Wa mteja unakaa kwa waya."

"Mteja gani? Iko nanilipa?"

"Kwa nini basi umekata shuka?"

"Shuka ni ya nani?" akauliza, akaendelea kukanyaga mashine.

Kuanzia Aprili mama na mgeni wakaanza siri. Nikiingia, wananyamaza. Mgeni alitoka soko la Chilinde na vifurushi vya mitumba, akavisukuma chini ya kitanda cha mama, na nikiuliza ananiambia ni vitambaa vya kupigia deki. Mama akatangaza kwamba atamshonea mgeni gauni la kitenge la Jumapili yake ya mwisho kanisani. Nikaona nimeelewa. Mimi nilikuwa ninajiandaa kwenda Ulaya bila hata soksi mpya, na mama yangu anamshonea mtu wa Ulaya kabati zima.

Hata hayo ningeyameza. Siku hizo vita ya pili ya Kongo ilikuwa imeshika mashariki yote ya kwetu, na jioni watu walikusanyika kwa jirani mwenye redio kusikiliza kama Uvira itatajwa. Mama hakupenda kwenda huko na mimi. Nilidhani haendi kabisa. Kumbe alikwenda na mgeni, wakakaa benchi moja. Siku moja tukirudi Lilongwe, nyuma ya matola, mgeni akanishika mkono.

"Pole kwa kaka yako," akasema. "Mama ameniambia siku ile walivyomchukua."

Niliitikia kwa kichwa, naye akadhani najua. Mimi wiki ile nilikuwa kwa shangazi, upande wa Fizi, nina miaka kumi na mitatu. Niliporudi kaka hayupo, na tulipokimbia nikaambiwa amebaki. Hivyo nilisikia habari za kaka yangu kutoka kwa mtu wa Norwe, juu ya magunia ya mahindi, kwamba wapiganaji walifika mchana, kwamba mama alikuwa anambadilishia kaka vifungo vya jaketi, kwamba kaka alilichukua hivyo hivyo bila vifungo, akalivaa, akatoka nao. Mama alibaki na vifungo vitano mkononi. Vimo kwenye kopo la majani ya chai, mgeni akasema, kando ya cherehani.

Kopo lile nililijua. Nilikuwa nikilitikisa kila nikipita, kwa mazoea tu, na mama hakuwahi kuniambia niache.

Nilipaswa kumlilia kaka. Badala yake nilikaa nikijiuliza kwa nini yeye, kwa nini si mimi, na wivu ulinipanda. Mtu amekuja na begi moja, atarudi na begi moja, na ndani yake ataweka hata msiba wetu.

Jumamosi iliyofuata, mama na mgeni walipokwenda mazoezi ya kwaya, nilishusha kanda mbili msumarini. Kwa wembe nikafumua uzi mwekundu kwenye ukanda wangu na uzi wa kijani kwenye ukanda wake. Nikabadilisha. Mishono kumi huku, mishono kumi kule. Sasa aliyekuwa mwembamba ni wa kijani, na mwenye mabega mapana ni mwekundu. Nilitaka gauni limbane. Nilitaka akwame mabegani Jumapili asubuhi, watu wa kanisa wakisubiri, na mama atambue kwamba mwili anaoujua ni mmoja, wangu.

Kwamba kanda zile zilipishana urefu, sikutaka kulifikiria. Nilijiambia macho ya mama yamechoka, maana siku hizo ni mimi niliyemtungia uzi sindanoni. Tena mimi ni wa mkono wa kushoto, na mishono yangu hulala upande ambao ya mama hailali. Hilo nalo alinifundisha mwenyewe nikiwa mdogo, akinipiga vidole ili nishone vizuri, na mimi nikalisahau siku niliyolihitaji.

Jumapili ya mwisho ilikuwa Juni, baridi ya Dowa imeingia, watu wamejifunga mablanketi. Mama alimwita mgeni chumbani na gauni. Nilikaa sebuleni nikisikiliza kitenge kikipita kichwani. Nilingoja kusikia "oh," au uzi ukikatika. Mgeni akatoka. Gauni lilimkaa, mabegani, kiunoni, kila mahali, hata mimi nilitaka kusema amependeza. Akajizungusha. Mama akatoka nyuma yake na kitu kizito mikononi.

"Na ya kwako," akaniambia.

Lilikuwa koti. Koti refu la sufu, la rangi ya majivu, lenye bitana. Mgeni alishindwa kujizuia tena, akanieleza yote kwa furaha: alizunguka Chilinde wiki nyingi akitafuta makoti mawili ya mtumba yenye sufu moja, mama akayafumua na kufanya moja, kwa sababu kule Agosti inakwisha upesi na baridi inakuja, na mama hakutaka mwanawe afike na sweta la Dzaleka. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri. Mbele kulikuwa na vifungo vitano vya kahawia. Havikuwa vipya.

Nilivaa. Mikono yangu ikapotea ndani ya mikono ya koti. Mabega yalishuka karibu na viwiko, na upindo ukagusa sakafu. Mgeni akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Mama, ni kubwa sana," akasema kwa Kiswahili cha mama.

"Nimekata na uzi nyekundu," mama akamjibu, lakini alikuwa akiniangalia mimi. "Uzi nyekundu njo yake. Gauni yako, we, nilikata na macho tu."

Mgeni hakuelewa. Mimi nilielewa mpaka miguuni. Nilisimama ndani ya koti lile kama mtoto aliyevaa nguo za baba yake, na sikuwa na pa kuficha uso isipokuwa ndani ya kola.

Mama alinivua, kifungo kimoja kimoja. Akamgeukia mgeni. "Vaa we." Lilimkaa kama gauni lilivyomkaa. "Sawa. Ubebe. Mwezi ya nane akifika kule, muende kwa fundi ya kwenu apunguze. Bifungo bisiguswe."

Tulipotoka kanisani, mgeni akiwa nje anapigwa picha na kwaya, mama aliniita chumbani. Alikuwa ameweka kitandani kanda mbili, wembe na sindano.

"Rudisha," akasema.

Nilifumua na kushona mbele yake, mishono kumi huku na mishono kumi kule, naye amesimama.

"Siku mbili nilishika mukasi," akasema. "Nikasema, muache. Kama anapenda mabega ya mwenzake, nimukatie mabega ya mwenzake."

Nilitaka kusema samahani. Nilisema chakula kinapoa.

Julai, siku ya Jumatatu, ofisini waliniambia kitu kipya. Vitabu vya kusafiria vya wakimbizi vimesimama kwa sasa, kwa sababu ya vita, nijaribu mwaka mwingine. Chuo hakikuweza kungoja mwaka mwingine. Nafasi yangu alipewa msichana wa darasani kwetu, mtoto wa Area 36, ambaye pasipoti yake ilitoka kabla sijamaliza kulia. Alikuja kuniuliza mgeni alisema nini juu ya baridi ya kule, abebe nguo gani. Nilimwambia mgeni hakusema kitu.

Mgeni aliandika barua, machozi yameharibu mstari mmoja. Alitaka kutuma koti kwa posta. Nilimsomea mama barua ile sokoni. Aliweka mguu chini, mashine ikasimama.

"Asitume. Posta itapoteza bifungo. Akae nayo, utaenda kuchukua." Akashika kitambaa, akakiacha. "Ningekata ndogo, ungekuwa nayo hapa."

"Nisingelivaa," nilimwambia. Ulikuwa uongo. Juni ya Dzaleka inauma, na ningelivaa hata kuchota maji.

Sikwenda mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Nilimaliza chuo, nikafundisha, mpaka ikafika wakati hata sikuuliza tena Jumatatu. Lakini mwaka ule ule, mgeni aliporudi kwao, Desemba ilituletea picha. Amesimama kwenye theluji, nyuma yake mti mweupe, koti limefungwa mpaka shingoni. Mama aliitoboa picha juu, akaitundika kwenye msumari, pamoja na kanda.

Wageni wakiingia huuliza huyu muzungu ni nani.

"Wachana na muzungu," mama huwaambia, kidole kwenye koti. "Angalia manto. Ni ya mutoto wangu. Hesabu bifungo."

Wanahesabu. Vitano. Mama huvitazama mpaka watu wanaanza kuongea mambo mengine, na huko nyuma nimeketi mimi, mtoto mwenye koti, nikimtungia uzi sindanoni. Mgeni nilimwonea wivu kwa kila kitu, begi, askari wa kizuizini, meza ya Area 47, kumbatio la mama. Huo umekwisha, tunaandikiana kama ndugu. Wivu uliobaki ni wa koti. Lilipita kizuizi bila kibali, likapanda ndege na vifungo vya kaka yangu, likafika mahali nilipochaguliwa kwenda mimi. Na lilikatwa kwa uzi wangu, nilioushona mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, mahali pasipo pake.